Betri ya Mkono wa Muthomi

Muthomi alikuwa fundi wa simu pale Githongo, na kama hujawahi kuwa jirani wa fundi mwenye majivuno, basi hujui kelele. Alipokuwa shule ya msingi aliifungua redio ya marehemu babake, akachapwa, akaifunga, nayo ikaimba vizuri kuliko awali. Tangu siku hiyo hakuna mtu aliyemshauri kitu akasikia.

Kilichomchefua zaidi duniani ni betri za sola za kununua. "Ndani ni seli tu," aliwaambia wateja. "Hizo pesa zingine unalipia sanduku na picha ya jua." Yeye alikusanya betri za laptop zilizotupwa na ofisi za Meru mjini, akazivunja, akazipima seli moja moja kwa mita, mbovu huku, nzuri kule. Zile nzuri aliziunganisha mpaka zikawa betri ya kuwasha nyumba nzima.

Ya kwanza kabisa alimtengenezea mamake, Gatakaa, mjane aliyeishi peke yake huko chini katikati ya mibuni. Aliitia ndani ya sanduku la mbao alilolipiga randa mwenyewe, akaliwekea mkono wa kubebea. Mchana mama angeichomeka kwenye paneli, jioni angeiingiza ndani iwashe taa. Taa zilipowaka, mama alipiga vigelegele hadi majirani wakaja kuuliza kama kuna posa.

Angeline, dadake Muthomi, karani katika ofisi moja mjini, hakupiga vigelegele. Mwezi uliofuata alileta betri ya dukani, pamoja na kijana wa kampuni aliyevaa kofia yenye jina la duka.

"Hii yangu iko na waranti, Muthomi," alisema. "Hiyo yako ikiharibika, mama ataenda kulilia nani?"

"Atanililia mimi. Mimi si niko hapa? Ama nilihamia China?"

Yule kijana wa kofia aliketi na mama muda mrefu akimweleza: usiimwagie maji, usiifunike na blanketi, usiiweke karibu na moto, ukiona imefura nipigie simu. Muthomi alicheka mpaka machozi yakamtoka. Kwani mamake ni mtoto? Alimwigiza kijana huyo kule sokoni kwa wiki kadhaa, kofia na yote, na watu wakacheka naye. Hakuna aliyemuuliza yeye mwenyewe alimwambia mamake nini alipomletea betri yake. Hakuwa amemwambia neno. Aliwasha taa, akanywa chai, akaenda zake.

Julai ikaja na ukungu wake. Jua lilijificha siku baada ya siku, nguo zikakataa kukauka, na betri zote mbili zikakaa bila kazi. Jumamosi moja jioni Muthomi alinunua nyama kidogo, akateremka kwenda kumwona mama.

Alimkuta jikoni, kile kijumba cha mbao kilicho kando ya nyumba, ameinamia sufuria ya githeri. Moto ulikuwa mkubwa. Muthomi hata hakuwa ameketi vizuri kabla ya kusikia harufu ambayo haikuwa ya githeri wala ya kuni. Ilikuwa tamu tamu, kama rangi ya kucha. Fundi yeyote anayefungua betri anaijua harufu hiyo, na anajua ikimfikia puani amechelewa.

Akainua macho.

Juu ya moto kulikuwa na uchaga, kama ulivyo katika majiko ya akina mama wengi wa huko, ambapo mahindi ya mbegu hufungwa yapate moshi yasiliwe na wadudu. Katikati ya mahindi hayo, limefunikwa gunia safi, lilikaa sanduku la mbao lenye mkono. Pembe moja ilikuwa imeanza kudondosha plastiki ya seli iliyoyeyuka. Tone lilipita karibu kabisa na kichwa cha mama, likaanguka kwenye jivu, likachemka.

Muthomi alipigwa na bumbuwazi. Kisha likasikika fyuuu kutoka ndani ya sanduku na miguu ikamrudia. Alimsukuma mama nje, msukumo ambao mwana hapaswi kumsukuma mama, akarudi, akalivuta sanduku kwa gunia lake, akatoka mbio nalo huku viganja vikiungua. Alilirusha kwenye nepia, yale majani ya ng'ombe.

Halikumaliza hata kutua. Moto mweupe uliruka juu, kisha seli zikaanza kupasuka moja baada ya nyingine, pa! pa! pa!, zikirukia huku na kule katika majani mabichi. Ng'ombe alikata kamba. Mama alikuwa amekaa chini palepale aliposukumwa, kitambaa kimemtoka kichwani, akitazama.

"Uui, Mwathani, Bwana Mungu!" alisema hatimaye. "Kwani hiyo kitu iko na bunduki ndani?"

"Mama!" Muthomi alimrudia mbio. "Nani alikuambia uweke betri juu ya moto?"

"Nani aniambie? Jua si ilipotea? Nikaona itaoza na hii baridi. Kitu ya maana si inawekwa huko juu, ikae mpaka msimu wake."

"Na ile ya Angeline? Na yenyewe iko huko?"

"Aa, hiyo iko chini ya kitanda, yule kijana alikataza moto. Hiyo ni ya duka, ikiharibika duka italeta ingine." Alimtazama kama anayemshangaa. "Hii ni wewe ulitengeneza na mkono yako. Niiweke chini kama viatu?"

Muthomi alishindwa kumtazama. Alitazama viganja vyake vilivyoanza kufura, na aibu ikamwingia kuliko maumivu. Alitaka kumpigia magoti. Angalau yule kijana wa kofia alikuwa ameketi akasema.

Mama alijikung'uta vumbi, akafunga kitambaa chake. Alikuwa bado na huzuni ya sanduku.

"Lakini ni yangu tu ndiyo ilikuwa mbaya, ama?" aliuliza. "Kwa sababu Mukiri na Nelius pia waliniuliza wafanye nini na zao, zile uliwatengenezea Pasaka. Niliwaonyesha hapa jikoni. Kanisani nikaambia na wale wengine wako na betri zako."

Muthomi alitoa simu kwa vidole visivyoshika. Ya Mukiri haikupatikana. Ya Nelius iliita, ikaita, ikanyamaza, na akajua simu iko ndani ya nyumba huku mwenye simu yuko jikoni, kwa kuwa ilikuwa saa ya kupika.

Akapanda mbio hadi barabarani. Mtelemko mzima ulikuwa mbele yake, nyumba baada ya nyumba hadi kwenye ukungu, na kutoka kila jiko moshi ulikuwa ukipanda.