Pua ya Mama Mkwe

Fundi cherehani hakuwa tena fundi wa kitu. Mwaka wa sita sasa meza ya cherehani yake ilikuwa ya kuwekea miche, na yeye mwenyewe alikuwa macho ya mama mkwe wake. Mumewe, dereva wa malori ya masafa marefu, akija leo keshokutwa hayupo, na mama yake humwachia mke kama mtu aachavyo mwavuli mlangoni.

Mama huyo alikuwa haoni, ila pua yake ingetosha watu watatu. Kila alipoita, mkwe alichuma jani kwenye makopo ya barazani, akalifikicha, akampa vidole avinuse: asubuhi nanaa, adhuhuri mrehani, alasiri mchaichai. Ndivyo alivyojua saa, na ndivyo alivyojua hajaachwa peke yake. Siku mkwe alipochelewa sokoni, bibi alipiga mayowe hadi majirani wakavunja mlango. Tangu hapo fundi hakuvuka geti. Alimpenda mama yule, na bado kuna siku alitamani kuing'oa miche yote aitupe jaani.

Ndipo tajiri wake wa zamani, mwenye karakana ya sare, alipompigia simu: aje Alhamisi ashone mbele yake, akikosa, nafasi itakwenda kwa mwingine.

Kuomba ruhusa hakuthubutu. Alimfundisha jirani wa chini, mjane asiye na maneno mengi: ingia kimya, mpe vidole, toka. Akamwonyesha kopo lipi la saa ngapi, kisha akanyata kutoka nyumbani kwake mwenyewe kama mwizi.

Alishona kola tatu, akaambiwa aanze Jumatatu. Njiani alijikuta anacheka peke yake. Alipoiona nyumba, kicheko kikamkauka.

Jirani alisema mambo yamekwenda salama salimini, bibi hakuuliza neno. Fundi akanawa mikono, akafikicha mchaichai, akaingia. Bibi alikuwa ameketi kitandani, pembe ya shuka ameikamata ngumini, imelowa jasho.

"Jirani yako anachuma majani ya chini," alisema. "Yamekomaa, yanachoma pua. Wewe huchuma vichwa, vile vichanga."

Fundi aliketi ukingoni mwa kitanda. Akauliza mbona hakuita.

"Ningeita, ungerudishwa. Simu ya tajiri wako niliisikia. Wamekupa kazi?"

"Hapana, mama. Hawakunichukua."

Bibi akavivuta vile vidole hadi puani. Chini ya mchaichai kulikuwa na mafuta ya cherehani, sabuni haikuyatoa.

"Mwanangu, mimi sioni, lakini usinidanganye. Unaanza lini?"

"Jumatatu."

"Basi nenda. Mfundishe jirani kuchuma."

Alisema hivyo kwa sauti iliyotulia kabisa. Lakini vidole hakuviachia, hata harufu ya mchaichai ilipokwisha.