Namba ya Mitaro

Siku ya kumi na tisa baada ya kumzika mumewe, Mama Taarifa alirudi kazini. Hakuna aliyemwita. Diwani alikuwa amemwambia apumzike hadi mwezi uishe, lakini nyumbani alikwisha kufua kila kilichofulika, hata mapazia, na wifi yake alikuwa akimtazama kama mtu anayesubiri sufuria ichemke.

"Wifi, lia basi," alimwambia asubuhi hiyo. "Utapasuka."

"Sijakataa kulia," akajibu, akachukua mkoba wake akatoka.

Jina hilo la Mama Taarifa alipewa na watu wa kata. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa karani wa ofisi ya diwani, na kila msimu ulipobadilika yeye ndiye aliyeandaa taarifa: karatasi moja iliyokunjwa mara tatu, picha ya diwani ikitabasamu juu, na ndani yake siku za chanjo, ratiba ya gari la taka, saa za maktaba, mwanasheria wa bure wa Jumamosi, na shule itakayofunguliwa kwa watakaoingiliwa na maji ndani ya nyumba. Watu waliibandika nyuma ya mlango wa jikoni. Hata waliompinga diwani waliibandika, maana gari la taka halina chama. Madiwani watatu walipita, picha ikabadilika mara tatu, yeye akabaki.

Alipoingia ofisini mazungumzo yalikatika. Diwani, mwanamke mpana ambaye hata akinong'ona husikika barabarani, alimshika mikono yote miwili.

"Una hakika?"

"Taarifa ya mvua imechelewa, Mheshimiwa."

"Mvua zenyewe hazijafika."

"Zitafika."

Akafungua faili la mwaka uliopita kama afanyavyo siku zote, akaanza kubadilisha tarehe. Vidole vilijua njia. Kichwani hamkuwa na kitu. Ilikuwa kama pale daktari wa meno anapokuchoma sindano, ukajigusa shavu ukadhani ni la mtu mwingine. Alipiga simu zahanati, akapewa siku za chanjo. Aliwauliza zimamoto kama namba yao ni ileile. Akaisoma karatasi mara mbili kutoka juu hadi chini, akaipeleka kwa mpiga chapa. Nakala elfu nne.

Kosa aliliona diwani, nakala zikiwa zimekwisha kugawiwa nyumba kwa nyumba. Alikuja, akafunga mlango, akaweka karatasi mezani, kidole kikiwa kwenye mstari wa mwisho: *Mtaro ukiziba, mpigie Fundi wakati wowote.* Chini yake, namba ya marehemu.

Mumewe alikuwa fundi bomba, na kila masika alijitolea kuzibua mitaro ya kata nzima. Namba yake ilikuwa kwenye karatasi hiyo miaka yote. Macho ya Mama Taarifa yalikuwa yameipita mara mbili. Hata sasa aliitazama akingoja imchome, haikumchoma.

"Nimekosea," alisema.

"Hujakosea. Nitapitisha gari la matangazo, watu waambiwe."

"Waambiwe nini? Simu yake ninayo, Mheshimiwa. Nitapokea mimi."

Diwani akaikunja karatasi, akafungua mlango.

Mvua ilianza Jumanne mchana, na simu ikaanza kulia mkobani. "Fundi, huku kwetu maji yanapanda!" "Fundi amefariki. Niambie uko wapi." Alisema hivyo mara ya kwanza, ya pili, ya tisa, kwa sauti ileile. Wengine walikata simu kwa aibu. Mmoja aliangua kilio hadi ikabidi yeye ndiye ampe pole, kisha amwombe taratibu amtajie mtaa. Aliandika, akawapigia watu wa barabara wa manispaa, wakamwambia gari liko njiani. Kila alipowapigia, gari lilikuwa njiani.

Kisha simu ikapigwa na bibi mmoja aliyeishi peke yake nyuma ya shule.

"Mwanangu, maji yamefika kwenye godoro. Mwambie Fundi aje afungue ile chemba ya mtaro iliyo chini ya ukuta. Anaijua."

"Bibi, Fundi..." Akauvuta mkoba wake. "Nakuja," akasema.

Alipita nyumbani kuchukua mtaimbo. Wifi alipomwona akitoka nao kwenye mvua alidhani amerukwa na akili, akamfuata mbio huku akijifunga kanga kichwani. Chemba ilikuwa imefunikwa na maji ya magotini. Miaka ishirini mumewe alikuwa akiongea habari za mitaro mezani kama wengine wanavyoongea mpira, naye akiitikia tu, akidhani hasikilizi. *Ile ya shule usiivamie kushoto, imepinda. Kulia.* Akapapasa kwa mguu, akachomeka mtaimbo upande wa kulia, wakaukandamiza wote wawili. Mfuniko ukanyanyuka. Wakavuta gunia, chupa za plastiki, kiatu kimoja cha mpira. Maji yakazunguka, yakaguna, yakashuka.

Wifi alikuwa analia waziwazi. Yeye alitazama viganja vyake vilivyochubuka. Vilikuwa vinauma, na hilo alilitambua.

Bibi alisimama mlangoni, gauni ameliinua kwa mkono. "Mwenyewe yuko wapi leo?"

Akamwambia. Bibi akaliachia gauni.

"Kila mwaka alikataa chai yangu," alisema. "Eti akishiba kwa watu, mkewe atanuna."

"Sijawahi kununa hata siku moja," Mama Taarifa akasema. Wifi akacheka katikati ya kilio. Yeye hakucheka, lakini usiku huo alikula chakula chote kilichowekwa mbele yake, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu msiba.

Mvua zilipotulia, manispaa ikaleta fundi mwingine, mwanamume mwenye upara na buti mpya, mpole. Diwani akamwomba karani wake amwonyeshe kata. Wakatembea alasiri nzima chemba kwa chemba, yeye akieleza, mwenzake akichora daftarini: hii mfuniko wake mzito, hii ina mizizi, hii maji yake hurudi. Kwenye ya sita sauti ilimwishia. Akakaa kwenye ngazi za duka lililofungwa, akalia kwa dakika chache, bila kelele, kama mtu anayepumzika. Fundi mpya aligeukia upande mwingine akajifanya anapima mtaro kwa hatua.

"Tuendelee?" akauliza baadaye.

"Tuendelee."

Chemba ya saba ilikuwa chini ya gari lililoegeshwa. Wakaanza kubisha hodi nyumba za jirani, wakimtafuta mwenye gari.