Kipandauso cha Mama

Kila jioni chumba chetu cha mtaa wa Karagita kilinukia waridi, harufu iliyorudi katika nguo za Mama kutoka shamba la maua alikofunga mashada. Wageni waliisifu. Mimi niliiogopa, kwa maana siku harufu hiyo ilipomzidi, Mama aliingia ameshika upande mmoja wa kichwa, jicho la upande huo likitokwa na machozi, akajilaza sakafuni penye ubaridi. “Achieng, funga mlango. Mwanga unanichoma,” alininong'oneza. Nilitundika leso dirishani, nikaketi nje kuwanyamazisha watoto wa vyumba jirani katika ploti. Kupitia ukuta wa mabati nilimsikia akitapika kwenye beseni.

Ulikuwa msimu wa Februari, wakati maua yanatakiwa sana ng'ambo na hakuna anayeruhusiwa kukosa kazi. Mama alimeza dawa za dukani hadi zikaacha kumsaidia. Jirani yetu, Mama Brayo, alisema nikisikia, “Huyo haumwi. Anaogopa tu kazi.” Hatimaye kichwa kilimpata katikati ya zamu, akaanguka kando ya ndoo za maua. Msimamizi akamwambia, “Mathe, kila wiki ni kichwa. Nenda upumzike kabisa.” Alirudi mchana, amefutwa kazi, aproni ingali kiunoni. Alipopata nafuu aliniita. “Achieng, wewe unaona mimi ni mvivu?” Nikamwambia hapana. Akatazama mikono yake iliyochomwachomwa na miiba. “Mimi nimeanza kuwaamini,” akasema. Mwezi haukuisha kabla hatujahamia kijijini Siaya kwa nyanya yangu, nami nikaacha shule na marafiki wote niliokuwa nao. Kichwa kilimfuata huko. Watu wa huko walisema ni mapepo, wakamwombea kwa kelele zilizozidi kumuumiza.

Siku hizi naishi Nakuru, na maumivu yale nimeyarithi. Daktari alinisikiliza bila haraka, akaniuliza kama mama yangu alikuwa nayo, kisha akayataja kwa jina: kipandauso. Alinieleza nisikae na njaa, nilale kwa saa za kawaida, niepuke harufu kali, nimeze dawa mapema maumivu yanapoanza, ila nisizoee kuzimeza kila siku, kwani zenyewe zinaweza kuleta kichwa kingine. Nilitoka nikaketi kwenye benchi la nje, nikalia hadi mlinzi akaniuliza, “Madam, umepata habari mbaya?” Nikamjibu ni njema. Leo nikishikwa, nautaja ugonjwa wangu kazini nami naruhusiwa kwenda kulala. Mama alikuwa ameshazikwa niliposikia jina hilo. Hadi mwisho wa maisha yake, kila alipojilaza mchana, alituomba msamaha.