Mbasela ya NyaJere

Mama Kasonde, jirani yangu wa ukuta mmoja hapa Mufulira, hajawahi kuipenda supamaketi, na sababu yake ni moja tu: supamaketi haina mbasela. Unachukua, unalipa, unapewa karatasi, kwaheri. Sokoni kwetu mambo si hayo. Muuzaji akishakupimia kopo lako la maharagwe na kulimimina mfukoni, anachota kingine kwa kiganja na kukutupia juu. Hicho kiganja ndicho mbasela. Hukilipii, na huwezi kumpeleka mtu kwa mwenyekiti wa soko kwa kukinyimwa, lakini ukiondoka bila kukiomba, muuzaji mwenyewe atashangaa. Atadhani una homa, au mmekosana.

Sasa, kwa kubana matumizi, Mama Kasonde hana mwenzake mtaani kwetu. Maharagwe huyaloweka tangu jana yake ili yasile mkaa. Mboga haziungi kwa mafuta. Huzitia karanga za kutwanga, na zinakuwa tamu kuliko za mimi ninayemimina mafuta. Sabuni ya mche huikata kwa uzi, vipande akavianika juu ya bati mpaka vikauke kama mawe, maana sabuni kavu haiyeyuki ovyo. Sukari anaificha. Mumewe, Mzee Chanda, mtu mzima aliyestaafu mgodini, huingia jikoni kwake kama mwizi kuitafuta, na akiikosa huja kwangu na kikombe cha chai mkononi, ati amekuja kunisalimia.

Lakini usimwite bahili. Bahili hali na watu, na Mama Kasonde hawezi kula peke yake. Yeye anachotaka ni kwamba kila kitu kifike mwisho wake, na kila sufuria ipate kidogo zaidi ya ilicholipiwa. Haba na haba hujaza kibaba, na kwake haba kubwa ilikuwa ile mbasela ya NyaJere.

NyaJere alikuwa muuza maharagwe na dagaa, meza ya tatu ukiingia kwa lango la nyuma. Ni Mngoni wa Chipata, kule mashariki mwa Zambia, na sisi ni Wabemba, basi ni watani wa kuzaliwa. Babu zetu walipigana vita, wajukuu tukabaki kutukanana. Wao wanasema tunakula nyani. Sisi tunasema wanakula panya, na hilo hata wao hawalikatai, wanasema tu kwamba hatujui utamu. Mtani anaweza kukuita jina lolote mbele za watu, anaweza kukuchukulia kitu chako akaenda nacho, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Mtani akinuna, utani umekufa.

Kila Jumamosi Mama Kasonde alikuwa akifika pale, hasalimii. Anaanza kwa kuuliza kama yale ni maharagwe au mavi ya panya. NyaJere naye hamtazami, anawaambia wateja wengine washike mifuko yao vizuri, kuna nyani ameingia sokoni. Hapo soko zima linageuka. Watu walikuwa wakinunua nyanya za karibu na hapo kwa sababu tu ya kusikiliza. Wakitukanana mpaka waishiwe na pumzi, ndipo kopo linapimwa, na baada ya kopo kiganja, na baada ya kiganja Mama Kasonde husema hakijatosha, kiganja hicho ni cha mtoto, na NyaJere huongeza punje chache zaidi akisema ni za nyani mdogo aliye tumboni. Mama Kasonde ana wajukuu. Tumbo lake limestaafu kabla ya mumewe.

Nilimwambia mara nyingi kwamba anapoteza asubuhi nzima kwa kiganja cha maharagwe. Alinijibu kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha. Mimi nilicheka tu.

Kisha bei zikaanza. Mvua ilikataa mwaka ule, mahindi yakakaukia shambani, umeme ukawa wa kuonjeshwa, mkaa ukapanda, unga ukapanda, na kila kilichopanda kikavuta mwenzake. Tukahama unga mweupe tukala dona, wengine wakijifanya ni ushauri wa daktari. Sokoni makopo yakaanza kubonyezwa matako kwa ndani ili yajae upesi. Kopo la NyaJere halikubonyezwa, hilo nalishuhudia, ila bei yake ilipanda kama ya wengine, na kiganja chake kikawa kinapungua. Kwanza vidole vilikaribiana. Halafu zikawa punje za kuhesabika. Matusi yalibaki ya kipimo kilekile.

Jumamosi moja nilifuatana na rafiki yangu sokoni. Mama Kasonde alitukana kama kawaida, NyaJere akajibu, lakini jibu lake lilikuwa fupi. Akapima kopo, akamimina, akafunga mfuko.

"Na mbasela yangu, mla panya?"

"Leo hakuna."

Mama Kasonde akadhani ni utani. Nani asingedhani? Akacheka, akanyoosha mkono mwenyewe, akauzamisha ndani ya gunia lililokuwa limebakia kidogo chini, kama mtani anavyoruhusiwa. NyaJere akamshika kifundo cha mkono. Hakukishika kwa kucheza. Alikishika mpaka vidole vya mwenzake vikafunguka na punje zikarudi guniani.

"Nimesema leo hakuna, mama," akasema.

Lile neno mama ndilo lililomuua. Kama angemwita nyani angecheka. Mzaha mzaha hutumbuka usaha, lakini sijawahi kuuona usaha ukitumbuka kwa adabu namna ile. Mama Kasonde alichukua mfuko wake, akatoka kwa lango la nyuma. Alinuna. Mtani alinuna, na wote wawili walijua sheria.

Jumamosi iliyofuata alikuja mlangoni kwangu mwenyewe kuomba kuingia katika chama changu.

Chama hicho nilikianzisha mimi, na sitaona haya kujisifu. Tulikuwa wanawake wanane wa mtaa mmoja. Tunachanga, tunakwenda kwa muuzaji wa jumla mjini, tunanunua magunia, tunagawana. Kwa hela ileile uliyokuwa ukinunulia kopo moja moja sokoni, unapata karibu nusu zaidi. Hakuna kutukanana, hakuna kubembeleza. Mama Kasonde alikuwa akinicheka hapo mwanzo, akisema tunanunua kama jeshi. Sasa alitoa mchango wake kabla ya wote, na kwa kuwa hakuna aliyemtilia shaka mkono wake, tukampa kazi ya kupima.

Mgao wa kwanza tuliufanyia barazani kwake. Gunia la maharagwe katikati, mabeseni yetu yakiwa yamelizunguka. Mimi nilikuwa nimepiga hesabu mapema ya makopo mangapi kwa kila mtu, na hesabu zangu hazikosei. Akapima beseni la kwanza, la pili, la tatu, anaenda vizuri, watu wanapiga soga. Alipofika beseni la mwisho, ambalo ni lake, gunia likaisha. Alipata chini ya nusu ya fungu lake. Tukatazamana. Mmoja akasema muuzaji ametuibia. Nikasema haiwezekani, lilipimwa mbele yangu.

Mwezi uliofuata ikawa vilevile. Safari hii nilimtazama mkono badala ya kupiga soga. Akimimina kila kopo, mkono wake wa kulia ulikuwa unashuka guniani wenyewe, unachota kiganja, unakitupia juu. Kila kopo, kila beseni. Na sisi wengine, wallahi, tulikuwa tunakiona na hakuna aliyekishangaa, kwa sababu tangu tuzaliwe hatujawahi kupimiwa kitu kikaishia kwenye kopo.

"Mama Kasonde," nikamwambia, "unampa nani mbasela? Muuzaji hayupo hapa."

Akautazama mkono wake. Wenzangu wakaangua kicheko, na ni kweli ilichekesha. Yeye hakucheka.

"Kwa hiyo NyaJere alikuwa anaitoa wapi?"

"Guniani kwake. Ulitaka aitoe wapi?"

"Na gunia likiisha?"

Wauza maharagwe wote hupika kile kinachobaki chini ya gunia, kila mtu anajua, ila ni jambo usilolifikiria ukiwa na mfuko mkononi. Bei ya jumla ilipopanda, faida yote ya mtu kama NyaJere ilikuwa ndiyo hiyo ya chini. Siku ile Mama Kasonde hakuwa amezamisha mkono kwenye biashara. Alikuwa amezamisha mkono kwenye chakula cha jioni cha watu. Aliliona hilo akiwa amekaa barazani na beseni lake nusu tupu. Tukamchangia kila mmoja kiganja, lakini sidhani kama alituona.

Kesho yake akaenda sokoni. Haikuwa Jumamosi. Meza ya tatu ilikuwa na kijana anauza chaja za simu. Muuza nyanya wa jirani akamwambia NyaJere alifunga, akarudi kwao Chipata kulima na dada yake, huko angalau karanga hazinunuliwi. Akampa namba ya simu ya NyaJere. Akamwambia pia kwamba tangu NyaJere aondoke, nyanya haziuziki kama zamani.

Nilidhani atapiga simu siku hiyohiyo. Hakupiga. Miezi ikapita. Chama kilisonga mbele, akajizuia kutoa viganja kwa kuushika mkono wa kulia kwa wa kushoto kila kopo lilipomiminwa, jambo lililokuwa likiniuma kulitazama. Nyumbani kwake chakula kilikuwepo, kuzidi hata kabla ya bei kupanda, lakini alikuwa akila kama anayekula kwa watu. Jumamosi alivaa kitenge chake cha soko, akakaa barazani nacho. Nikamuuliza anangoja nini kupiga.

"Nangoja nipate salio la kutosha," akasema.

"Salio! Wewe una akiba ya sabuni ya miaka miwili."

Ndipo akaniambia ukweli. Hakuogopa NyaJere amtukane. Aliogopa asimtukane. Aliogopa apige simu kutoka huku mpaka Chipata, halafu aulizwe habari za watoto. Tangu amzike mama yake, alisema, hakuwa amemkosa mtu namna hii, tena mtu ambaye hajawahi kuingia nyumbani kwake wala kula naye, mtu wa kopo na kiganja tu. Alisema anatamani kuitwa nyani mpaka usingizini anasikia.

Mimi ni mtu wa mizani, sijui kubembeleza. Nilichukua simu yake, nikaweka salio dogo kwa hela yangu, nikabonyeza namba, nikamrudishia inaita.

Tulikuwa jikoni kwake nje, maharagwe yako motoni. Aliniambia baadaye kwamba alikuwa amepanga kusema, "Ni nyani wako." Lakini hofu haina adabu ya kupangwa. Sauti ya NyaJere ilipotoka, mdomo wa rafiki yangu ukawa wa kanisani.

"Ni Mama Kasonde," akasema. "Wa Mufulira."

"Ooh. Hujambo, mama? Watoto hawajambo huko?"

Nilimwona akishuka mabega. Akajibu kwamba hawajambo. Akauliza mvua. NyaJere akasema mvua imenyesha, mahindi yana sura. Akauliza bei ya maharagwe huku, akaambiwa. Akasema, poleni. Mama Kasonde akavuta pumzi, nikajua sasa anataka kulisema lile lililomtoa usingizini, la mkono na gunia, na akaanza, "NyaJere, ile siku..." Salio likaisha. Simu ikalia ule mlio wake wa dharau na kunyamaza.

Alikaa nayo mapajani. Nilitaka kumwongezea salio jingine, akakataa kwa kichwa. Akasema imetosha, amemsikia, sauti yake haijabadilika. Machozi yalikuwa yanamtoka naye anachochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa.

Simu ikaita.

Akaipokea bila kuitazama, akidhani ni mumewe. Sikuhitaji kusogea ili nisikie. Soko zima la Chipata, kama liko karibu na pale, lilisikia.

"Wewe mla nyani! Siku hizi unaondoka bila kuomba mbasela?"

Mama Kasonde akafungua mdomo, lakini hakukutoka tusi, kulitoka kicheko, kikavunjika katikati kikawa kilio, na NyaJere upande wa pili naye alikuwa anasema kitu, nyani gani sijui, mkia gani, kabla salio lake nalo halijakwisha. Lilikuwa salio la kiganja tu. Sijui alilitoa wapi. Mkulima wa karanga asiyeuza bado, na bei za vocha zilivyo.

Rafiki yangu alibaki ameibana simu sikioni, ingawa haikuwa na mtu tena, akimtukana NyaJere taratibu kwa majina yote aliyokuwa ameyaweka miezi hiyo. Nilinusa harufu, nikamwambia maharagwe yanaungua. Hakuyaepua.