Kasanduku ya Katikati

Hapana, sikukunywa hata kasiksi, ile pombe ya ndizi. Kichwa yangu ilikuwa muzima, na ile ndiyo inanipatisha haya.

Hapa ku hospitali minafagiaka. Zamani ndiye mimi nilikuwa nabeba karatasi za majibu ya damu kutoka labo mpaka kwa docteur. Kisha ingénieur moja akaleta kasanduku, akakatundika ku ukuta wa couloir, ile njia ya kati ya vyumba. Akanielezea na sauti ya mapuani: "Maman, hii machine iko katikati. Labo inaiambia, yenyewe inaambia ordinateur, ile kompyuta ya docteur." Basi, miguu yangu ikakosa kazi. Nikakachukia!

Ile asubuhi courant, umeme, ikaanza kutetemeka. Kwetu mu quartier, courant ikitetemeka, unachomoa kila kitu, isiungue. Nikachomoa prise zote, waya zote za umeme za couloir, nikaendelea kufagia, nikasahau.

Midi, saa sita ya muchana, docteur analalamika: "Damu ya huyu mutoto, majibu iko wapi?" Maman moja ameketi ku banc na mutoto wa homa, dawa haiwezi kutoka mbele ya docteur kuona majibu. Ingénieur anatoka jasho, anafinya-finya ordinateur.

Mimi nikasimama mbele ya bagonjwa, nikanyoshea kasanduku ufagio, nikaimba mapuani: "Maman, hii machine iko katikati!" Bakacheka. "Iko katikati ya nini? Miguu yangu haijapata panne, haijazimika hata siku moja!"

Ule maman wa mutoto wa homa hakucheka. Aliangalia kasanduku, akaniangalia.

"Koko, bibi yangu, ile si ndiyo ulichomoa asubuhi? Nilikuona. Rudisha, mutoto wangu anaungua."