Hapo Hapo, Shemeji

Mume wa dada yangu hupanda juu ya paa kama wengine wanavyokwenda kupumzika. Mtaa mzima unamwita Geuza, kwa sababu ndiyo kelele inayosikika kila anapofanya kazi: geuza, geuza kidogo, umepita, rudi. Kazi yake ni kuwachagulia watu antena za televisheni na kuzielekeza. Mimi nakaa kwao, ni shemeji yake, na kumtania ni haki yangu.

Kwanza hana haraka, na watu wasio na haraka hunipandisha presha. Akifika kwenye nyumba ya mtu hagusi ngazi. Anazunguka ua akitazama mapaa ya majirani, antena zao zimeelekea wapi, mnara uko upande gani wa kilima, ghorofa gani limeuziba. Halafu anasimama tu, kichwa juu, mdomo wazi kidogo. Siku moja nilimuuliza anaangalia nini ilhali hakuna kitu.

"Wanapita," akanijibu.

"Akina nani?"

"Wote. Wasoma habari, wacheza mpira, waimbaji, yule mama wa mapishi. Wanapita hapa juu ya nguo zako ulizoanika, mchana kutwa, na hakuna anayewakaribisha. Mimi nawafungulia mlango tu."

Nilimwambia kichwa chake kimeingia kutu. Lakini jioni ile nilipoanua nguo nilijikuta nazikung'uta taratibu, nisije nikamwangusha mtu.

Zamani, anasema, kazi ilikuwa na raha yake. Picha ilikuwa na chenga, zile nukta nyeupe zinazochemka kwenye kioo. Chenga zikipungua unajua unakaribia. Siku hizi kuna king'amuzi. Picha ama ipo, safi, ama inakatika vipande vipande na kuganda. Tena king'amuzi kina uzito wa kuamua: unageuza kidogo, unasubiri, unageuza tena. Kwa hiyo lazima awepo mtu chini wa kutazama kioo na kupaza sauti, na sauti zenyewe zina sheria. "Hapo" moja maana yake picha inakuja, nenda polepole. "Hapo hapo" maana yake acha, toa mkono, kaza nati.

Mtu huyo wa chini alikuwa Dada. Alisimama mlangoni, mahali anapoona kioo ndani na paa nje, akapiga kelele huku akijipepea na mtandio wake wa njano, maana uani kunakuwa na joto. Shemeji hakukubali kufanya kazi na mwingine yeyote. Nilidhani ni mapenzi, na nasema ukweli, niliwaonea wivu kidogo.

"Shemeji, yaani huwezi kugeuza chuma bila mke?"

Akanitazama mdomoni kwanza, kama kawaida yake, kisha akacheka. "Ningeweza, ningeoa wa nini?"

Basi Dada akateleza bafuni, mguu ukatiwa plasta. Na wiki hiyohiyo akaja mama mshonaji wa kona. Binti yake, aliye masomoni mbali, alikuwa aimbe kwenye mashindano yanayorushwa moja kwa moja na kituo kidogo cha mjini kwetu, Jumamosi saa kumi jioni. Mara moja tu, hakuna marudio. Na nyumba ya mshonaji iko nyuma kabisa ya yale maghorofa mapya, kioo chake hakijaonyesha kituo hicho tangu yajengwe.

"Tungoje mke wangu apone," Shemeji akasema.

"Mwanangu anaimba Jumamosi, haimbi mguu ukipona," mshonaji akamjibu.

Nikajitolea kusimama chini. Shemeji alinitazama kwa wasiwasi ambao sikuuelewa, nikauona ni dharau.

Jumamosi tukaenda. Mshonaji alikuwa ameshanunua antena kubwa yenye fito nyingi, ndefu kuliko kitanda. Shemeji akaiweka kando kwa heshima. Mnara uko karibu, akamweleza, ila umezibwa. Dude kama lile lingekusanya kila takataka ya hewani. Akachagua ndogo, ya fito fupi, na hakuielekeza mnarani. Aliielekeza kwenye ukuta mweupe wa ghorofa la ng'ambo ya barabara. Picha, akasema, inagonga pale na kurudi, inabidi tuidake inaporudi. Nilitaka kucheka, ila alivyoutazama ule ukuta ungedhani anaona mtu anayemfahamu.

Alianza kugeuza. Kioo kilikuwa cheusi, kisha vipande vya picha vikaja, sura ya mtangazaji ikatokea nusu.

"Hapo!" nikaita.

Akaendelea.

"Hapo hapo! Hapo hapo, shemeji!"

Picha ilisimama safi, kisha ikapotea, kwa sababu mkono wake ulikuwa bado unageuza. Nikaita rudi, akazidi kwenda mbele. Saa ilikuwa inakimbilia kumi. Mshonaji alikuwa ameuma pindo la gauni lake, machozi yako karibu. Nikashika ngazi nikapanda, nimejaa hasira hadi utosini.

"Shemeji, hayo ni masikio au mapambo?"

Alikuwa amenipa mgongo. Hakugeuka. Nikarudia kwa sauti ya kuita watu wa mtaa wa pili. Hakugeuka. Nilipomgusa bega alishtuka nusura adondoke, na macho yake yakaja moja kwa moja mdomoni kwangu.

Hasira ikanitoka yote. Nikachezesha midomo bila kutoa sauti hata kidogo: "Tangu lini?"

"Muda sasa," akajibu. "Lilianza la kushoto." Akapangusa mikono kwenye suruali. "Dada yako asijue. Akijua atanikataza kupanda, na mimi huko chini nitafanya nini?"

"Sasa yeye akiita, unajuaje?"

"Kile kimtandio. Nimegundua akijipepea ndipo picha imekuja. Mwenyewe hana habari." Akatabasamu. "Bahati yangu nimeoa mwanamke anayesikia joto."

Niliteremka mbio. Kwenye cherehani kulikuwa na kipande cha kitambaa chekundu, nikakinyakua nikasimama mlangoni. Shemeji akaanza tena, chuma kwa mkono, macho kwangu. Sura ya mtangazaji ikaja nusu, nikapunga kidogo. Ikajaa, nikapunga kwa mikono yote miwili, na mdomo wangu, kwa mazoea tu, ukapiga kelele ya hapo hapo. Akatoa mkono. Akakaza nati.

Binti alikuwa wa tatu kuimba. Mama yake alipiga magoti mbele ya kioo, akawa anamfuatisha kila neno bila sauti, viganja mashavuni. Kwa dakika zile hapakuwa na ghorofa, wala umbali, wala barabara. Shemeji hakushuka. Alikaa ukingoni mwa paa, miguu inaning'inia, akimtazama mshonaji kupitia mlango uliokuwa wazi, na midomo yake nayo ikawa inacheza.

Aliposhuka aliniuliza, "Anaimba vizuri?"

Nikahakikisha ananiona uso. "Vizuri sana, shemeji."

Nyumbani tulimkuta Dada kwenye kochi, mguu juu ya stuli. Shemeji akapitiliza uani kunawa.

"Picha imepatikana?"

"Imepatikana."

Akachungulia dirishani kuhakikisha mumewe amempa mgongo. "Ulimpungia nini?"

Nikageuka kumtazama. "Kitambaa chekundu," nikasema.

"Chekundu kizuri. Kijani usijaribu, hakioni, kinapotelea kwenye miti. Nilihangaika sana kabla ya kupata huo wa njano." Kisha akanishika mkono, akaukaza. "Mdogo wangu, asijue kama najua. Akijua ataona aibu, hatapanda tena. Na huku chini atafanya nini?"

Shemeji akaingia, mikono inatiririka maji, akaketi anapouona vizuri mdomo wa mkewe. Akamuuliza mguu unaendeleaje. Dada akamjibu polepole, neno moja moja, akaniangalia mimi kwa jicho la onyo.

Nikatoka uani kuanua nguo. Nililia kidogo nyuma ya mashuka, pasipo mtu kuniona. Halafu nikautoa ule mtandio wa njano kwenye kamba, nikampelekea Dada, naye akaukunja akauweka mapajani.