Pokuaa na Flashi ya Bandia

Mampong nzima, hakuna aliyezikwa kwa heshima bila kupita mikononi mwa Pokuaa. Miaka ishirini na miwili alikuwa akichapa mabango ya misiba, na kwake maiti asiye na bango hakufa, alitoroka.

Jumanne hiyo virusi vya flashi za wateja vilikuwa vimeimaliza kompyuta yake. Mzee Kwaakye, mkuu wa ukoo, alitaka mabango ya marehemu dada yake ifikapo Alhamisi, la sivyo aende kwingine, na akienda yeye, mji mzima utamfuata. Pokuaa akaamua kuweka Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta, maana virusi vile havifui dafu mbele yake.

Boadu, fundi wa duka la pili, akamletea kwenye flashi toleo la Linux lenye madoido. Likafika nusu, likakwama. Akaleta toleo jingine kwenye flashi ileile, nalo likakwama.

"Anti, mashine imezeeka hii. Iache ipumzike."

"Mimi nami nimezeeka. Utanitupa?"

Boadu akacheka, akaenda zake kula fufu.

Pokuaa alikasirika hasa. Matoleo mawili tofauti yakwame vilevile? Akakumbuka picha za marehemu anazoletewa: uso mzima hadi puani, chini kijivu kitupu. Siku zote mchawi huwa flashi ya bandia, inayojitapa kuwa kubwa kumbe nafasi yake kiduchu. Akaipeleka flashi ya Boadu kwenye kompyuta ya duka la dawa, akaijaza picha, akazifungua moja moja. Za mwanzo zilikuwa salama. Za mwisho zote zilikatika puani.

"Nimekukamata!" alipiga kelele, mgonjwa mmoja akadondosha vidonge.

Akatoa flashi yake mwenyewe. Hakutaka tena madoido. Alipakua hapo hapo duka la dawa toleo jepesi, linalotosha kwenye kumbukumbu ndogo ya mashine yake. Maelekezo aliyasoma kama anavyosoma majina ya wafiwa kwenye bango, maana ukikosea moja, ukoo mzima unanuna. Alasiri Linux ikawaka, na printa ikaitika.

Boadu alirudi akilamba vidole, akasimama mlangoni kinywa wazi.

"Nani kakufanyia, Anti?"

"Mzee mwenzake mashine. Lete flashi zako zote nizipime."

Alhamisi mzee Kwaakye alilishika bango, akalitazama muda mrefu, machozi yakimlengalenga.

"Ndiye yeye," alisema. "Pokuaa, siku yangu ikifika, bango langu litoke hapa hapa."